Ghala la Maneno ya Telesfori

Ipo nchi moja, jina lake tuliache kwanza, maana huko hata kulitaja jina la nchi kuna fomu yake, na fomu hiyo inatolewa Jumanne tu. Tuiite Shwari. Ni nchi nzuri, msidanganywe na watu wanaoikimbia. Ina bendera, ina wimbo wa taifa, na ina Mtukufu Mlezi ambaye ameilea miaka thelathini na tatu bila kupumzika hata Jumapili. Wananchi wamemsihi mara nyingi apumzike, na yeye kwa huruma yake amekataa.

Sauti zote za Shwari ziko chini ya Wizara ya Sauti. Usicheke. Kengele ya shule ina kibali, adhana ina kibali, na muuza samaki anayepita mtaani akiita wateja ana kibali chenye picha yake akiwa amefumbua mdomo, ili askari akimkuta aweze kulinganisha. Majogoo peke yao ndio walioachwa huru, na hata hao suala lao liko mezani.

Katika mtaa wa Machujioni alikuwepo fundi redio aitwaye Siwema Lukindo, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Chumba chake cha mbele kilijaa redio za watu. Katika cha nyuma alikuwa na mashine ya kurekodia, ile ya utepe unaozunguka kwenye magurudumu mawili, ambayo redio ya taifa iliitupa jalalani ikiwa imekufa na yeye akaifufua. Kuta zake alizipiga magodoro yaliyokataliwa na hospitali ili sauti isitoke nje. Godoro moja lilikuwa bado limeandikwa WODI YA NNE, USILALE NA VIATU.

Jirani na hapo palikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mpakiaji wake alikuwa Telesfori Gwandu. Huyu bwana hakuwahi kusoma muziki popote. Alikuwa anapiga kelele kushindana na mashine, basi. Akimimina mahindi anafoka, akikinga unga anafoka, mistari inatoka ina vina na inachekesha, na wateja wakaanza kupita mashine za karibu na kwao waje kusagia hapo, kisha unga ukiwa tayari hawaondoki. Vijana waliorudi kutoka nchi za watu walimsikiliza wakasema, "Kaka, hiki unachofanya ni hip hop." Telesfori akawajibu, "Mimi nafanya sembe."

Siwema ndiye aliyemwita chumba cha nyuma. Umeme Machujioni hutolewa dakika arobaini kwa siku, tena bila kuambiwa saa ngapi, kwa hiyo walikaa kutwa nzima wakiungoja. Ulipokuja, Telesfori akamwaga wimbo wake wa kwanza, "Foleni ya Maji," moto moto, na katikati ya ubeti wa pili kuku wa jirani akapiga kelele kama anachinjwa. Ukisikiliza vizuri utamsikia.

"Turudie," alisema Siwema. "Kuku kaharibu."

"Dada Siwema, mara ya kwanza nilikuwa nalilia maji kweli. Mara ya pili nitakuwa namuigiza mtu anayelilia maji."

"Na kuku?"

"Kuku naye alikuwa anasema ya kwake."

Ikawa ndiyo sheria ya pale. Wimbo unarekodiwa mara moja, ukikosea umekosea, ukipiga chafya ni chafya yako. Siwema akapaka kibao mlangoni: MARA MOJA REKODI. Nchi nzima ya Shwari haikuwa na lebo nyingine ya muziki isiyokuwa ya serikali, na hii yenyewe haikujua kama ni lebo. Ilidhani ni chumba cha nyuma.

Kusambaza kulikuwa hivi. Siwema alikuwa na redio za wateja mezani, zimeshapona, zinangoja wenyewe. Kwa redio hizo alinakili kanda kutoka kwenye utepe wa kwanza, ule waliouita mkanda mama, na kila mteja aliyekuja kuchukua redio yake alikuta ndani mna kanda ya Telesfori. Watu wakaanza kuharibu redio zao makusudi. Baba mmoja aliimwagia yake uji mbele ya wanawe, akaibeba mbio kwa fundi. Miezi sita haikwisha, "Foleni ya Maji" ilikuwa inasikika kwenye saluni, gereji, vijiwe vya kahawa, hata ndani ya kambi ya jeshi, huko kwa sauti ya chini. Waliokuwa wakisimama bombani na ndoo tangu alfajiri walijisikia ndani ya kanda, wakafurahi kama watu waliopigwa picha. Wengine wakaja nao kufoka: mama muuza dagaa, askari magereza mstaafu, mwalimu wa hesabu. Telesfori akaacha kupakia mahindi. Hizo zilikuwa siku njema, na Siwema mwenyewe anasema kama angejua ni chache angezitazama vizuri zaidi.

Ndipo barua ikaja kutoka Wizarani.

Aliyeiandika alikuwa Dakta Anania Mbwilo, Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Vina. Mtu mpole sana, mlio wa viatu vyake wenyewe ulikuwa unamsumbua. Siwema na Telesfori walimkuta nyuma ya meza ndefu, amevaa glavu nyeupe, mbele yake mkasi mdogo wa fedha juu ya kitambaa.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Kwanza niondoe hofu. Serikali haina ugomvi na wimbo. Serikali inaupenda wimbo. Mtukufu Mlezi ameusikiliza akiwa anaoga, akatingisha kichwa. Ugomvi wetu ni na maneno manne tu."

"Yapi, mheshimiwa?" aliuliza Siwema.

"'Maji', kwa sababu yapo. 'Foleni', kwa sababu haipo. 'Njaa', hilo tulilifuta kwenye kamusi mwaka juzi, nashangaa mmelipata wapi. Na 'bado'."

"Bado ina kosa gani?"

"Bado, binti yangu, ni neno la lawama. Anayesema bado ana kitu anakingoja. Katika Shwari mwananchi anangoja nini?"

Telesfori alitaka kujibu. Siwema akamkanyaga mguu.

Dakta Mbwilo akaeleza utaratibu. Maneno yatakatwa kwa mkasi kutoka kwenye utepe, na mahali pake patawekwa kipande cha utepe mtupu. Kila neno litatiwa kwenye bahasha, litapewa namba na kulazwa Ghala la Maneno Yaliyohifadhiwa, nyuzi joto kumi na nane. "Hatuharibu kitu cha mwananchi," alisema, na alikuwa anasema kweli. "Ila tunahitaji mkanda mama. Tukikata mtoto, mama atazaa mwingine."

Siwema akaukumbatia mkoba wake. Mkanda mama ulikuwa mmoja tu. Telesfori akacheka. "Mpe, dada Siwema. Waache wakate. Mimi neno nimeshalisema, wataliweza wapi?"

Ndivyo walivyoamini pale Mara Moja: neno likishasemwa limeshasemwa, hakuna wa kulirudisha. Siwema akampa. Akarudishiwa baada ya wiki mbili, na "Foleni ya Maji" ikawa na mashimo thelathini na moja, kila shimo limeunganishwa kwa ustadi hata kidole hakihisi mshono. Siwema, fundi kwa fundi, akakiri kwamba kazi ilikuwa safi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Toleo lililokatwa lilitoka kwa kibali na muhuri, na likapigwa harusini kwa mara ya kwanza hapo hapo Machujioni. Telesfori wa kwenye spika akasema, "Nimeamka na ndoo nasaka..." Kimya. Bibi yake bi harusi, mwanamke wa miaka themanini aliyeshikwa mikono miwili kuletwa ukumbini, akapaza sauti: "Maji!" Ukumbi ukaangua kicheko. Shimo la pili likajibiwa na meza nzima. Shimo la kumi, wapishi walikuwa wameshatoka jikoni na miiko mikononi, wanaitikia.

Kuanzia hapo nchi ikapata mchezo. Mwanzoni watu walijaza neno lile lile lililokatwa. Baadaye wakaona wamepewa nafasi, kwa nini waibane? Wakatia jina la mbunge wao, wakatia jina la daraja lililoanguka siku ya kuzinduliwa. Uwanja wa mpira, watu elfu thelathini wakatia jina moja ambalo hapa hatulitaji, tuna familia. Telesfori hakuwahi kutunga wimbo mkali kiasi hicho. Wizara ndiyo iliyomtungia.

Tume ikaundwa. Ilikaa siku tisini kwenye hoteli yenye bwawa, ikasikiliza mashimo yote thelathini na moja kwa vifaa vya kisasa, ikatoa ripoti ya kurasa mia nne kwamba mashimo yale yana ukimya wa uchochezi. Kukaa kimya kwa zaidi ya sekunde mbili bila kibali kukawa kosa. Makanisani mapadri wakasali mbio mbio bila kumeza mate. Wachumba waliokuwa wakitazamana tu wakapigwa faini. Msibani, pale ambapo watu husimama dakika moja kumkumbuka marehemu, ikabidi wasimame huku mtu mmoja akisoma taarifa ya hali ya hewa.

Na kanda zote za Mara Moja zikatakiwa zirudishwe, zenye mashimo na zisizo na mashimo. Hakuna aliyelazimishwa, Shwari hatulazimishi mtu. Ukileta kanda unapewa ndoo ya plastiki. Watu walipanga mstari kuanzia kwa mkuu wa mtaa hadi barabara ya lami. Bi Gaudensia, mama yake Telesfori, naye akabeba kanda zake nne, akarudi na ndoo za bluu nne, zote na mifuniko. Siwema alimkuta anazipanga uvunguni.

"Mama, umezitoa zote?"

"Mwenyewe si yupo? Nikitaka kumsikia namwita."

Wiki hiyo hiyo Telesfori akaitwa Wizarani kujieleza. Tuelewane: hakukamatwa. Alikaribishwa, akaonyeshwa benchi kwenye korido ya ghorofa ya chini, akaambiwa afisa atakuja kumsikiliza. Afisa alikuwa safarini. Aliporudi, alihamishwa. Aliyechukua nafasi yake hakuwa amekabidhiwa faili. Hakukuwa na kufuli wala pingu, ila aliyeandikishwa kusubiri haruhusiwi kuondoka kabla ya kusikilizwa, maana huko ni kumdharau afisa, na hilo lina kifungo. Telesfori alikaa kwenye benchi lile miezi saba. Alilala hapo. Korido ilipakwa rangi mara mbili akiwa hapo, nyeupe, kisha nyeupe zaidi, na chumba cha pili kilikuwa kimejaa makaratasi ya zamani yanayochomwa kidogo kidogo. Kifua kikaanza.

Siwema alimpelekea uji kila asubuhi. Alizoea kusimama upande wa pili wa kamba iliyowatenga wanaosubiri na wageni.

"Leo je?"

"Leo wamesema kesho. Ni maendeleo. Jana walisema tutaona."

"Unakohoa sana, Tele."

"Nahesabu mapigo," alisema, akacheka, akakohoa tena mpaka uji ukamwagika.

Alikuwa anatunga. Hakuwa na kalamu, hakuwahi kuwa nayo, mistari yote ilikaa kichwani. Akamwambia Siwema ana wimbo mmoja, unaitwa "Benchi," anataka autoe kabla haujamkaa vibaya.

Nafasi ikaja siku ya kuzaliwa Mtukufu Mlezi. Siku hiyo Wizara hufungwa, na wanaosubiri hurudishwa makwao hadi kesho yake ili benchi nalo, likiwa mtumishi wa umma, lipumzike. Saa nne asubuhi Telesfori aliingia chumba cha nyuma akijishika ukutani, godoro hadi godoro. Umeme, kwa heshima ya sikukuu, uliwaka kutwa.

Siwema aliwasha mashine. Dakika sita. Nusu ya kwanza alikuwa akisema na maafisa wote ambao hawakuja, na alikuwa yule yule wa mashine ya kusaga, tena mkali zaidi. Nusu ya pili alikuwa anasema na mama yake. Kikohozi kilimkata mara tano, na kila mara alikingoja kiishe, akaendelea palepale alipoachia. Alipomaliza, Siwema alikuwa amegeuka anatazama ukuta.

"Turudie ule mwisho," alisema bila kugeuka. "Kifua kimekuzidi. Umeme upo, Tele. Tuna siku nzima."

"Wewe nawe! Sheria umeiweka mwenyewe."

"Sheria uliiweka wewe."

"Basi naikataza kuvunjwa," alisema, akajilaza chini kwenye mkeka, amefurahi, ana jasho. Siwema alimpikia wali. Hakuula. Kesho yake alirudi kwenye benchi lake, na siku ya tisa afisa alipofika mwishowe, na faili mkononi, alimsomea jina mara tatu kabla ya kumgusa bega.

Msibani Bi Gaudensia alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, na macho yake, yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu tangu mwaka juzi, hayakumwona Siwema mpaka alipomshika mkono.

"Siwema. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Sura yake itaniponyoka, mwanangu. Macho haya yameshanikimbia. Sauti yake ipo?"

"Ipo. Alirekodi siku ile ya sikukuu. Anakutaja wewe humo."

Bi Gaudensia akafunika mdomo kwa kanga. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko sekunde mbili, na askari aliyekuwa mlangoni kwa ajili ya hesabu hiyo akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Huyo askari Mungu amlipe.

"Usiniletee sasa," alisema mama. "Sitaiweza. Ngoja arobaini ipite, ndipo uniletee, tukae mimi na wewe. Lakini uitunze. Ukiipoteza hiyo utakuwa umemzika mara ya pili."

"Naapa, mama."

Kwao Machujioni nyumba ya msiba haipigi muziki kabla ya arobaini. Siwema, aliyemjua marehemu kuliko ndugu, alijihesabu naye mfiwa. Akaufunga mkanda mama wa "Benchi" ndani ya kitambaa, akauweka kabatini, akafunga chumba cha nyuma. Aliusikiliza mara mbili tu kabla ya mazishi, basi. Hakunakili. Kunakili ni kupiga, na kupiga ni kuvunja msiba. Jamani, mtu anaweza kulaumiwa kwa hilo? Yeye mwenyewe hajilaumu kwa kitu kingine.

Siku ya thelathini na nane walikuja na bendi ya matarumbeta.

Serikali ya Shwari haimwachi msanii peke yake akishakufa. Mtukufu Mlezi alikuwa ametangaza kwenye redio, kwa kwikwi, kwamba Telesfori Gwandu sasa ni Mfokaji Mkuu wa Taifa, na Mara Moja Rekodi imepandishwa hadhi kuwa Shirika la Mfoko la Taifa. Lori likasimama mlangoni. Wakachukua mashine, kibao, na magodoro yote kwa ajili ya makumbusho. Redio za wateja zikaenda pia. Mtu mmoja mwenye heshima zake akafungua kabati, akafungua kitambaa, na akampa Siwema stakabadhi: *Mkanda mmoja, umepokelewa kwa hifadhi.* Bendi ilikuwa inapiga kwa nguvu kiasi kwamba Siwema alipopiga kelele hakuna aliyesikia, na wapiga picha walisema baadaye kwamba alionekana mwenye furaha.

Alikwenda Wizarani kesho yake. Arobaini ilikuwa kesho kutwa ya siku ile ya lori, na alikuwa ameapa.

Karani wa Ghala la Maneno alimpa fomu. "Uhusiano wako na neno?"

"Nini?"

"Wewe ni nani kwa neno unalolidai? Mzazi? Mjane?"

"Mimi ndiye niliyemrekodi."

"Hiyo haipo kwenye orodha," alisema karani kwa masikitiko ya kweli, akampigia simu Mkurugenzi.

Dakta Mbwilo alishuka mwenyewe. Alimshika Siwema mkono, akampa pole ya msiba, na machozi yakamtoka, yale ya kweli. Kisha akamfungulia mlango wa ghala. Palikuwa na baridi. Makabati ya droo ndogo ndogo yalipanda hadi darini, kila droo ina bahasha, kila bahasha ina kipande cha utepe kirefu kama kidole. "Humu mna 'njaa' mia nane," alisema kwa sauti ya mtu anayeonyesha bustani yake. "Hii ni 'bado' ya mwaka ule wa mafuriko, hakuna aliyewahi kuitamka vile. Na huyu ni kijana wetu." Droo nane zilikuwa na jina la Telesfori.

"'Benchi' uko wapi?" aliuliza Siwema. "Mkanda nilionyang'anywa jana."

"Upo humu. Tumeshaufungua."

"Umeufungua vipi?"

"Neno kwa neno, binti yangu. Kwa wimbo kama ule hatukuona pa kuanzia kukata, basi tukakata wote."

Siwema alikaa chini sakafuni. Dakta Mbwilo, mpole kama kawaida yake, akachuchumaa mbele yake akamweleza kazi iliyokusudiwa. Jubilei ya Mtukufu Mlezi inakaribia. Maneno ya marehemu yatapangwa upya, yaunganishwe kwa ustadi, utoke wimbo wa taifa wa shukrani. Angependa Siwema ndiye awe mkurugenzi wa zoezi, kwa kuwa anaijua pumzi yake.

"Mnataka kumsemesha asichokisema."

"La! Hatumwongezei hata neno moja. Kila neno ni lake, kwa kinywa chake. Sisi tunamsaidia mpangilio."

"Nipe bahasha moja tu, mzee wangu. Nakuomba. Lile neno 'mama'. Nimpelekee mama yake kesho."

Dakta Mbwilo aliwaza sana, na kwa haki tuseme aliumia. "Hilo ndilo tunalihitaji," alisema. "Mwanzo wa kiitikio: 'Mlezi, wewe ndiye mama.'"

Wimbo ulizinduliwa uwanjani mbele ya umati. Siwema hakwenda, alikuwa kwenye chumba chake cha nyuma, sasa kitupu, amekalia sanduku, lakini spika zilifungwa kwenye kila nguzo ya umeme ya Machujioni, na siku hiyo umeme ulikuwepo. Alimsikia. Ni yeye, Telesfori, kwa sauti yake, anashukuru kwa maji. Alisikia kila mshono. Alisikia 'asante' aliyomwambia kuku wa jirani siku ya kwanza, mwishoni mwa utepe, wakiwa wanacheka. Kikohozi hakikuwemo hata kimoja. Walikuwa wamekitoa chote, na pumzi pia, kwa hiyo marehemu alifoka dakika nne mfululizo bila kuvuta hewa. Watu wakapiga makofi. Mashimo hayakuwemo, na hakuna aliyeitikia kitu.

Siwema akaondoka kwenda kwa Bi Gaudensia. Alikuwa amekwepa nyumba ile tangu arobaini ipite. Njiani alipanga maneno: Mama, nilikuapia na nimeshindwa. Yule si yeye. Wamemkata kata.

Akamkuta mama ameazima redio ya jirani mmoja, ameiweka sikioni, na uso wake, ambao tangu msiba ulikuwa umejikunja, umekunjuka.

"Siwema? Njoo, njoo haraka! Amepona kifua! Umemsikia? Hakohoi hata kidogo!"

Siwema alisimama mlangoni.

"Watakuwa wanampiga kila siku saa saba, baada ya habari," alisema mama. "Lakini unamjua mwenzio, anakwenda mbio, mimi simpati maneno. Ndio ule wimbo wake wa mwisho? Ule ulioniambia ananitaja?"

Alikuwa amemwelekezea uso, anangoja. Siwema alifumbua mdomo, na yale aliyoyapanga njiani hayakutoka.

"Ndio huo, mama."

"Basi niambie anasema nini. Taratibu."

Siwema akavuta kigoda, akakaa karibu yake. Redioni Telesfori alikuwa akimshukuru Mlezi kwa bomba, na Siwema, kwa sauti yake nzito isiyo na mdundo wowote, akaanza kumwambia mama yale yaliyokuwa kwenye "Benchi":

"Anasema: Mama, funika wali wangu, ukipoa usijali, nimekaa kwenye benchi, njia ya kurudi ni mbali. Usiwaulize askari, usimsumbue jirani. Nikichelewa sana, lala, ufunguo uko dirishani."

"Mwanangu," alisema Bi Gaudensia, akalia, na kilikuwa kile kilio kinachomwacha mtu ameshiba. "Mwanangu. Kesho utakuja?"

Alikuja kesho, na kesho yake. Kila saa saba walikaa wawili, redio inasema yake na Siwema anasema ya Telesfori. Alikuwa ameusikia wimbo ule mara moja kwa kinywa cha mwenyewe na mara mbili kwenye mashine, na haukuwa umeandikwa popote duniani. Wiki ya kwanza aliutoa wote. Wiki ya pili ubeti wa maafisa ukaanza kumchanganya, akauruka, mama hakuulizia. Wiki ya tatu aliamka akijirudia mistari kitandani, akiwa na hofu, na wimbo wa serikali, uliopigwa kwenye kila nguzo kutwa nzima, ulikuwa unaingia katikati na kuisukuma.

Siku moja, ya ishirini na kitu, alifika pale pa kuchelewa na hakukuta kitu. Alitafuta. Redio ilikuwa inakaribia mwisho. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja. Siwema akatia lililokuja mdomoni.

"Nikichelewa sana, nitabisha, unifungulie mlangoni."

Bi Gaudensia akainua uso.

"Jana hakusema hivyo. Jana alisema nilale."

Siwema aliitazama mikono yake.

"Amebadilisha, mama."

Mama akatabasamu, akapapasa hadi akaipata mikono ile akaishika yote miwili.

"Basi ukitoka," alisema, "mlango uuache wazi."

Siwema alipoaga, aliuacha wazi.